Kutoa Mvuke: Nahau Iliyozaliwa Juu ya Boila

Mwanafunzi anayejifunza Kiingereza katika shule ya sekondari hatakosa kukutana na msemo "to let off steam". Akiutafsiri neno kwa neno atapata "kuuachia mvuke utoke", naye atajiuliza: huyu mwenye mvuke ni nani, na mvuke huo ameupata wapi? Kamusi itamjibu kwa ufupi kwamba maana yake ni kuzitoa hasira au nguvu zilizozidi mwilini, kwa kusema kwa sauti, kwa kulalamika, kwa kucheza au kwa kukimbiakimbia, ili moyo upate kutulia. Kamusi nyingi huishia hapo, na mwanafunzi huikariri maana hiyo kwa ajili ya mtihani.

Lakini nahau haziangukii watu kutoka mawinguni. Kila nahau ina mahali ilipozaliwa, na mara nyingi mahali hapo ni pa kazi: shambani, baharini, jikoni au karakanani. Nahau hii ilizaliwa juu ya boila, yaani lile tangi la chuma ambamo maji huchemshwa ili mvuke wake uendeshe injini. Katika makala haya tutaifuata mpaka huko. Tutaona kwamba mvuke wenyewe ulikuwa mvuke wa kweli, na kwamba watu walikufa pale ulipozuiwa kutoka. Mwishoni tutauliza swali ambalo nahau yenyewe haituulizi: je, moyo wa mwanadamu ni boila?

Maji yanapokosa nafasi

Maji yakichemshwa katika sufuria iliyo wazi, mahali palipo usawa wa bahari, huchemka yanapofika nyuzi 100 za Selsiasi. Hata moto ukiongezwa namna gani, hayazidi hapo. Joto lote linaloongezwa hutumika kuyageuza maji kuwa mvuke, na mvuke huo huenda zake hewani bila kumdhuru mtu. Lita moja ya maji, ikigeuka yote kuwa mvuke katika hali hiyo, hujaza nafasi ya lita 1,670 hivi.

Sasa tuchukue maji hayohayo tuyafunge ndani ya chombo imara cha chuma, kisha tukoleze moto chini yake. Mvuke unataka nafasi iliyo kubwa mara elfu moja na mia sita na zaidi, wala hauipati. Kwa hiyo unazisukuma kuta za chombo. Msukumo huo juu ya kila kipande cha eneo ndio unaoitwa kanieneo. Kadiri moto unavyoendelea, ndivyo kanieneo inavyopanda. Na kadiri kanieneo inavyopanda, ndivyo maji yanavyohitaji joto kali zaidi ili yachemke. Kanieneo ikiwa mara mbili ya ile ya angahewa, maji huchemka kwenye nyuzi 120 hivi. Ikiwa mara kumi, huchemka kwenye nyuzi 180.

Watu wengi hudhani kwamba boila ikipasuka, madhara yote huletwa na mvuke uliokuwa umejikusanya juu ya maji. Kumbe adui aliye mkubwa zaidi ni maji yenyewe. Tuseme boila ina kilo 1,000 za maji yenye jotoridi la nyuzi 180. Ukuta wake ukipasuka, kanieneo hushuka ghafla mpaka ile ya angahewa, na katika kanieneo hiyo maji hayawezi kubaki maji kwenye nyuzi 180. Papo hapo sehemu 15 hivi katika kila 100 hugeuka mvuke, yaani kilo 150 hivi. Mvuke huo utahitaji nafasi ya mita za ujazo 250. Darasa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3 lina mita za ujazo 144. Basi mvuke wa kukaribia kuyajaza madarasa mawili huzaliwa kwa kufumba na kufumbua, mahali ambapo awali palikuwa na tangi moja tu. Hiyo ndiyo sababu boila iliyopasuka huweza kubomoa jengo zima.

Sufuria ya Denis Papin

Mtu wa kwanza anayekumbukwa kwa kulitafutia tatizo hili dawa ni Denis Papin, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1647, aliyesomea utabibu kisha akavutwa na fizikia. Alifanya kazi Paris pamoja na Christiaan Huygens, na baadaye London pamoja na Robert Boyle. Mwaka 1679 aliwaonyesha wanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, chombo cha chuma chenye mfuniko uliokazwa kwa skrubu. Kazi yake ilikuwa kulainisha mifupa kwa mvuke ili itoe lishe. Mwaka 1682 baadhi ya wanachama hao walikaa mezani na kula chakula kilichopikwa ndani yake. Sufuria za kisasa zinazopika maharage upesi kwa nguvu ya mvuke ni wajukuu wa chombo hicho.

Papin alitambua kwamba chombo chake kingeweza kumlipukia mpishi. Kwa hiyo alitoboa tundu dogo kwenye mfuniko, akaliziba kwa kizibo, na juu ya kizibo akalaza wenzo uliotundikwa kizani. Kanieneo ikizidi kiwango fulani, mvuke hukiinua kizibo, hutoka kwa kishindo, kisha kizibo hurudi mahali pake. Hiyo ndiyo vali ya usalama.

Hesabu yake ni nyepesi, na mwalimu wa fizikia anaweza kuifanya ubaoni. Tuseme tundu lina eneo la sentimita 5 za mraba, nasi tunataka vali ifunguke kanieneo ya mvuke inapoizidi ile ya angahewa kwa kilopaskali 600. Kani inayosukuma kizibo itakuwa niutoni 300, takriban sawa na uzito wa mzigo wa kilo 30. Wenzo ukiwa umeshikizwa ncha moja, kizibo kikiwa sentimita 5 kutoka penye egemeo na kizani kikiwa sentimita 50, basi kizani cha kilo 3 tu kitatosha, tusipouhesabu uzito wa wenzo wenyewe.

Lakini wepesi huo una balaa lake. Yeyote apitaye akitundika kilo 3 nyingine, vali haitafunguka mpaka kilopaskali 1,200. Na akiufunga wenzo kwa kamba, vali haitafunguka kabisa. Chombo kilichowekwa kulinda uhai kimekuwa kizibo cha kawaida, na hakuna alama yoyote ya nje inayoonyesha kwamba mambo yamebadilika, ila ukimya.

Enzi ya mvuke wenye nguvu

Injini za kwanza za mvuke hazikuwa na hatari kubwa kiasi hicho. Injini ya Thomas Newcomen, iliyoanza kuvuta maji migodini Uingereza mwaka 1712, ilitumia mvuke ambao kanieneo yake iliizidi ya angahewa kwa kiasi kidogo sana. Mvuke ulijaza silinda, ukapozwa kwa maji baridi, na angahewa yenyewe ikaisukuma pistoni kwenye nafasi tupu iliyobaki. James Watt, aliyepata hataza yake mwaka 1769, aliiboresha injini hiyo kwa kuupoza mvuke katika chombo cha pembeni, lakini hakutaka kabisa mvuke wenye kanieneo kubwa. Aliuogopa.

Hataza ya Watt ilikwisha mwaka 1800. Richard Trevithick, fundi kutoka Cornwall, alikuwa tayari ameona kwamba mvuke wenye nguvu ungeruhusu injini ndogo ifanye kazi kubwa, tena iweze kutembea. Mwaka 1804, huko Penydarren, Wales, injini yake ilivuta juu ya reli tani 10 za chuma pamoja na watu wapatao 70. Huo ndio mwanzo wa garimoshi.

Hata hivyo, mwaka mmoja kabla ya safari hiyo, yaani 1803, mojawapo ya injini zake iliyokuwa ikivuta maji huko Greenwich ililipuka na kuua watu wanne. Kijana aliyepewa kuiangalia alikuwa ameondoka, na mwingine akaisimamisha injini bila kuuachia mvuke utoke. Moto uliendelea kuwaka chini ya boila, mvuke ukaendelea kuzaliwa, na haukuwa tena na kazi ya kufanya. Trevithick alijifunza. Tangu hapo aliweka vali mbili za usalama, moja ikiwa mahali ambapo mwendeshaji hakuweza kuigusa. Aliweka pia kiziba cha risasi kwenye chuma kilicho juu ya moto: maji yakipungua mno, risasi huyeyuka, na mvuke huingia tanurini kabla chuma chenyewe hakijalegea.

Sauti iliyomkera mchochea moto

Kisa kinachoieleza nahau yetu vizuri kuliko vingine vyote kilitokea Marekani. Mwezi Desemba 1830 injini iliyoitwa Best Friend of Charleston ilianza kuvuta abiria katika jimbo la South Carolina. Ilikuwa injini ndogo yenye boila iliyosimama wima mfano wa chupa, na watu walikuja kutoka mbali kuitazama.

Tarehe 17 Juni 1831 injini hiyo ilikuwa imesimama ikigeuzwa ili irudi ilikotoka. Moto ulikuwa ukiwaka, lakini injini haikuwa ikivuta kitu. Kama ilivyopasa, vali ilifunguka na kuanza kupiga mluzi. Inasimuliwa kwamba mchochea moto alichoshwa na kelele hiyo, akaukandamiza wenzo wa vali ili inyamaze. Ikanyamaza. Haukupita muda mrefu, boila ikapasuka. Mchochea moto alipoteza maisha, na dereva, Nicholas Darrell, aliunguzwa na mvuke. Wakati ule utumwa ulikuwa bado halali katika South Carolina, na habari za siku zile zilimtaja marehemu kuwa ni msaidizi mweusi, bila jina.

Yatupasa tukitafakari kisa hiki kabla ya kumcheka aliyefariki. Kwake yeye sauti ile ilikuwa kero. Kwa mtu aliyefundishwa, ilikuwa taarifa. Vali ilikuwa ikisema: moto ni mwingi kuliko kazi iliyopo. Aliyekuwa akisema alizibwa mdomo, na jambo alilokuwa akilisema halikubadilika hata kidogo. Baada ya ajali, wenye reli waliweka kati ya injini na mabehewa ya abiria behewa moja lililojazwa marobota ya pamba, ili likinge mlipuko mwingine ukitokea. Kinga hiyo ilikuwa ya abiria, si ya wale waliosimama karibu na moto.

Maafa makubwa zaidi yalikuja baadaye. Tarehe 27 Aprili 1865 meli ya mvuke Sultana ililipuka katika mto Mississippi, karibu na Memphis. Ilikuwa imejengwa kuchukua watu 376, nayo ilikuwa imebeba zaidi ya 2,000, wengi wao askari waliokuwa wakirudi makwao kutoka kifungo cha vita. Boila mojawapo ilikuwa imetiwa kiraka kwa haraka siku chache kabla. Walikufa watu zaidi ya 1,100. Mwaka 1905 boila ya kiwanda cha viatu huko Brockton, Massachusetts, ilipasuka na kuua watu 58. Miaka miwili baadaye jimbo hilo lilitunga kanuni za boila, na kutokana nazo chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani kilitoa kanuni zake kamili mwaka 1915. Uingereza ilikuwa imekwisha kutunga sheria ya kuchunguza milipuko ya boila mwaka 1882.

Mafundi nao hawakulala. Katika miaka ya 1850 Mwingereza John Ramsbottom alibuni vali mbili zilizobanwa na springi moja kwa kutumia wenzo mmoja, kwa namna ambayo mtu akiukandamiza wenzo ili kuifunga vali hii, huilegeza ile nyingine. Alifanya hivyo kwa sababu alifahamu tabia ya binadamu: palipo na vali, pana mtu atakayetaka kuinyamazisha.

Kutoka stesheni hadi ulimini

Katika karne hiyo ya 19 reli zilienea Uingereza na Marekani, na watu ambao hawajawahi kushika koleo la makaa ya mawe waliisikia sauti ya vali kila walipokwenda stesheni. Wengine hawakutambua jambo moja ambalo watu wa reli walilijua vizuri. Injini inayopanda kilima kwa kawaida haipigi mluzi huo, kwa kuwa mvuke wote unakwenda silindani kusukuma pistoni. Injini inayolalamika ni ile iliyosimama: moto umewaka, mvuke umejaa, na kazi hakuna.

Hiyo ndiyo picha iliyoingia katika lugha. Watoto waliokaa darasani saa tatu mfululizo, kengele ikilia, hukimbilia uwanjani na kupiga kelele. Mwingereza atasema wanatoa mvuke. Karani aliyekemewa ofisini na asiweze kujibu, akifika nyumbani humsimulia mkewe kwa sauti kubwa. Naye pia anatoa mvuke. Injini hiyohiyo ilikizalia Kiingereza nahau nyingine kadhaa. Mtu aliyeishiwa nguvu katikati ya jambo husemwa kuwa "has run out of steam", yaani mvuke umemwishia. Anayekwenda kwa juhudi zake bila kubebwa na mtu huenda "under his own steam", kwa mvuke wake mwenyewe. Na amri ya nahodha kwa watu wa chumba cha injini, "full steam ahead", sasa hutumiwa na mtu yeyote anayetaka kazi isonge kwa kasi yote.

Kiswahili nacho kiliupokea mvuke kwa namna yake. Treni ilipofika, watu wa pwani na bara waliipa jina kwa kile walichokiona, wakaiita gari la moshi, ingawa aliyekuwa akilivuta ni mvuke. Meli za mvuke ziliitwa stima, neno lililotokana na jina lake la Kiingereza, na huko Kenya neno hilo limehama tena: stima sasa ni umeme. Kwa bahati njema maana hizo mbili zimekutana huko Olkaria, ambako tangu mwaka 1981 mvuke utokao ardhini umekuwa ukizalisha umeme.

Anayetaka kuiona boila kubwa ya garimoshi na aende kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Humo imehifadhiwa injini namba 5918, iitwayo Mount Gelai, mojawapo ya injini 34 zilizotengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester katika miaka ya 1950 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi, nazo zilivuta mizigo kutoka Mombasa, penye usawa wa bahari, hadi Nairobi, mita 1,600 na zaidi juu yake.

Je, moyo ni boila?

Sasa tulirudie swali letu. Nahau ni picha, na picha nzuri hupendeza. Hatari huanza pale tunaposahau kwamba ni picha. Katika karne ya 19 wataalamu wenyewe walianza kuizungumzia akili ya mwanadamu kana kwamba ni mtambo wa mvuke. Mwaka 1860 mwanafalsafa Mwingereza Herbert Spencer alieleza kwamba kicheko ni njia ya kutokea kwa nguvu za neva zilizozidi. Mwaka 1895 Josef Breuer na Sigmund Freud, waganga wa Vienna, walichapisha kitabu kilichofundisha kwamba hisia zilizozuiliwa huleta ugonjwa, na kwamba zikitolewa mgonjwa hupata nafuu. Kutokana na mawazo ya namna hiyo watu wengi waliamini kwamba mwenye hasira akipiga mto, akivunja sahani au akifoka, hasira yake hupungua kama kanieneo inavyopungua vali inapofunguka.

Wazo likipendeza halijawa kweli mpaka lipimwe. Mwaka 1959 mtafiti aitwaye Hornberger aliwakusanya watu, wakatukanwa kwa makusudi, kisha nusu yao wakapewa nyundo wapigilie misumari kwa dakika kumi, na wengine wasipewe kitu. Kama moyo ni boila, waliopiga misumari wangetulia. Ilikuwa kinyume: hao ndio waliomchukia zaidi aliyewatukana.

Mwaka 2002 Brad Bushman wa Marekani alitoa matokeo ya jaribio kubwa zaidi, lililofanywa kwa wanafunzi 600 wa chuo kikuu, nusu wanaume na nusu wanawake. Kila mmoja alikasirishwa kwa kutolewa maneno makali juu ya insha yake. Kundi la kwanza lilipiga mfuko wa mabondia huku likimfikiria aliyewakasirisha. Kundi la pili lilipiga mfuko huo likifikiria mazoezi ya mwili. Kundi la tatu lilikaa kimya kwa dakika mbili. Waliopiga huku wakimfikiria mbaya wao ndio waliobaki na hasira nyingi kuliko wote, na waliokaa kimya ndio waliokuwa na ukali mdogo kuliko wote. Mwaka 2024 Bushman, pamoja na Sophie Kjærvik, alichapisha uchambuzi wa tafiti 154 zilizohusu watu zaidi ya 10,000. Mambo yanayoutuliza mwili, kama vile kupumua polepole na kwa kina, kulegeza misuli na kutafakari kwa utulivu, yalipunguza hasira. Yale yanayouchemsha mwili, kwa jumla, hayakuipunguza, na kukimbia kuliweza hata kuizidisha.

Sababu yake haifichiki. Boila hupoteza mvuke, na mvuke uliotoka haurudi. Hasira haina tangi. Mwenye kufoka anaupa mwili wake amri ileile iliyoletwa na hasira: moyo udunde, pumzi iende mbio, misuli ikazwe. Anairudia rohoni sababu ya chuki yake, na kila akiirudia anaizoea. Wazee wetu walilisema jambo hili kwa maneno mawili tu: hasira hasara.

Je, basi mtu azibe mdomo kama vali ya Charleston? La hasha. Kunyamaza kwa nguvu huku moto unaendelea si dawa. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall waliwaomba wanafunzi waandike, kwa dakika 15 kila siku kwa siku nne, habari za mambo mazito yaliyowahi kuwapata. Walioandika matukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Kuandika namna hiyo ni tofauti na kufoka, maana mwandishi hulazimika kulipanga jambo na kulitafutia maana. Kiswahili kinaijua tofauti hiyo. Kutoa dukuduku mbele ya mtu mwenye busara ni kulifungua fundo. Kumtukana wa karibu ni kumhamishia mwingine moto.

Hapa ndipo watu wa reli wanapoweza kutufundisha zaidi kuliko nahau waliyotuachia. Mchochea moto hodari hakujivunia vali yake kupiga mluzi. Kila mvuke uliopitia vali ulikuwa maji na makaa yaliyopotea bure. Ustadi wake ulikuwa kuutazama moto: kutotupa makaa mengi stesheni inapokaribia, kupunguza hewa inayoingia tanurini, kuongeza maji ndani ya boila ili ipoe kidogo. Vali ilikuwa ulinzi wa mwisho, siku ambayo mengine yote yameshindikana. Vali hutoa mvuke, lakini haizimi moto.

Kwa walimu na wanafunzi

Mwalimu wa Kiingereza anaweza kuwaonya wanafunzi wasiitafsiri nahau hii neno kwa neno. "Kuachia mvuke" hakumwelezi Mswahili kitu. "Kutoa dukuduku" au "kutoa ya moyoni" kutamweleza, na panapohusu michezo ya watoto, "kunyoosha viungo" kunatosha.

Mwalimu wa fizikia anaweza kufanya jaribio dogo. Chukua sufuria ya kawaida yenye maji kidogo, uifunike kwa mfuniko mwepesi usiobanwa na kitu, uiweke motoni. Maji yakichemka, tazama mfuniko unavyoinuka na kuanguka. Sasa punguza moto, nao utatulia. Weka jiwe dogo la gramu 200 juu ya mfuniko, urudishe moto, ulinganishe. Wanafunzi wasimame mbali, na kwa hali yoyote mfuniko usifungwe wala usikazwe. Kisha uwaulize: kati ya kuweka jiwe na kupunguza moto, ni njia ipi iliyounyamazisha mfuniko kwa usalama, na kwa nini?

Vali za usalama ziko nasi hata leo: kwenye sufuria za kupikia kwa mvuke, kwenye mitambo ya hospitali ya kuulia vijidudu, kwenye viwanda vya chai na sukari. Anayefanya kazi karibu nazo asiifunge vali inayopiga kelele, bali aende kuuangalia moto. Na mwanafunzi atakayepata hasira uwanjani au darasani, kabla hajaamua kutoa mvuke, ajiulize kwanza ni nani anayeendelea kutupa makaa tanurini. Mara nyingi atakuta koleo limo mikononi mwake mwenyewe.